Si kilima tu kiliua kinga

Wandugu, hapa Bukavu tunasingizia milima: kutoka Nguba mpaka Kadutu juu ya kinga, nani ataweza? Lakini Kisangani ni tambarare, na huko pia kinga ilishindwa. Vita ya 1998 ilifunga njia ya mto kwenda Kinshasa, esansi ikakosekana. Vijana wakaweka kiti cha sponji nyuma ya kinga, wakabeba watu: ndiyo toleka, kwa Lingala “tupite”. Hata wanafunzi wa chuo walikanyaga pedali kusudi wapate minervali. Mto ulipofunguliwa esansi ikarudi, kisha pikipiki za bei rahisi toka Asia. Motari hachoki, toleka anachoka. Sasa siku esansi inapanda, sisi wa Bukavu hatuna hata toleka ya kurudilia. Tunapanda kwa miguu, sillabusi mkononi.