Jakarta ilipofukuza pikipiki barabarani

Leo naweka programu kando, ingawa si mbali sana. Kila baada ya muda fulani hapa Nairobi hutokea kiongozi akasema dawa ya msongamano ni kuziondoa bodaboda katikati ya jiji. Wenye magari hupiga makofi, wenye boda hulalamika, kanjo hukamata watu kwa wiki moja au mbili, kisha mambo hurudi palepale. Kabla hatujaanza tena mabishano hayo, nimeona tuangalie jiji lililoijaribu dawa hiyo kwa dhati, si kwa wiki mbili bali kwa miaka mitatu. Jiji lenyewe ni Jakarta, kubwa kuliko yote Indonesia, lenye watu zaidi ya milioni 10 bila kuhesabu vitongoji vyake.

Tuanze mbali kidogo, maana Jakarta ina historia ndefu ya kufukuza vyombo vidogo barabarani. Zamani watu walisafiri kwa becak, baiskeli ya magurudumu matatu ambayo abiria hukaa mbele na mwenye kuiendesha hukanyaga nyuma yake. Kuanzia miaka ya 1970 wakubwa wa jiji waliziona kuwa zinachelewesha magari na kuaibisha mji. Katika miaka ya 1980 zilikamatwa kwa maelfu na nyingi zikaenda kutoswa baharini, katika Ghuba ya Jakarta. Ndiyo, baharini. Mwaka 1988 sheria ndogo ya jiji ikazipiga marufuku rasmi.

Je, abiria wa becak walihamia kwenye magari ya fahari? La. Wengi walipanda tuktuk za Bajaj zilizokuwa zimeanza kuletwa kutoka India katikati ya miaka ya 1970, na wengine wakapanda ojek. Ojek ni bodaboda kabisa, tofauti ni jina tu. Hata historia zinafanana: kama boda zetu zilivyoanza kwa baiskeli kule mpakani Busia, karibu na bandari ya Tanjung Priok kulikuwa na ojek za baiskeli kabla pikipiki hazijashika kazi hiyo. Kwa hiyo jiji lilifukuza chombo kimoja na kingine kikajaza pengo. Mtu anayetaka kufika kazini hafutiki kwa amri. Atatafuta njia nyingine.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Katikati ya Jakarta kuna barabara kuu iitwayo Jalan M.H. Thamrin. Inaanzia kwenye mzunguko wa Hotel Indonesia na kuelekea kaskazini, kisha Jalan Medan Merdeka Barat inaipokea hadi karibu na ikulu. Hapo ndipo zilipo benki, hoteli na wizara. Tarehe 17 Desemba 2014, chini ya gavana Basuki Tjahaja Purnama, ambaye watu humwita Ahok, pikipiki zilipigwa marufuku katika barabara hizo mbili. Zilianza kwa majaribio, kisha katazo likaendelea. Anayekaidi alikabiliwa na sheria ya taifa ya usafiri ya mwaka 2009, ambayo kwa kosa la kupuuza alama za barabarani inaruhusu kifungo cha hadi miezi miwili au faini ya hadi rupia 500,000.

Tuwe wa haki: jiji halikuwaacha watu hivihivi. Lilileta mabasi ya ghorofa ya bure yanayopita njia hiyo, na waendesha pikipiki wakaambiwa waegeshe kwenye majengo ya karibu kisha wapande basi. Pia palikuwa na basi la Transjakarta, lililoanza Januari 2004 likiwa na njia yake peke yake katikati ya barabara hiyo hiyo. Ukilinganisha na sisi, ambao hutangaza marufuku kwanza halafu tukauliza watu watapanda nini, Jakarta walijiandaa.

Lakini angalia kilichotokea mwezi uliofuata. Januari 2015 kampuni iitwayo Gojek ilitoa programu yake ya simu. Ilikuwa imeanza mwaka 2010 ikiwa na waendeshaji wapatao 20 na kituo cha kupokea simu: unapiga, wanakutafutia ojek. Programu ilipotoka, kazi hiyo ikafanywa na kompyuta, na baada ya muda mfupi makoti ya kijani yakatapakaa mji mzima. Yaani mwezi mmoja jiji linafunga barabara yake kuu kwa pikipiki, na mwezi unaofuata teknolojia inaifanya pikipiki kuwa usafiri rahisi kuliko wote kuuita. Desemba 2015 Wizara ya Usafiri ikatangaza kuwa ojek za mtandaoni ni haramu kwa sababu sheria haitambui pikipiki kama usafiri wa umma. Tangazo hilo halikumaliza hata siku mbili. Rais Joko Widodo aliingilia kati na wizara ikalirudisha mfukoni. Wananchi walikuwa wamekwisha kuamua.

Hapa sasa nataka tuingie kwenye hesabu, maana ndiyo sababu ya mimi kuandika. Sisi tunaoandika programu huona barabara kama foleni. Kuna kazi zinazoingia, kuna nafasi ya kuzihudumia, na kazi zikizidi nafasi foleni inarefuka. Swali la kwanza ni: kazi yenyewe ni nini? Ukisema kazi ni gari, utahesabu magari. Ukisema kazi ni mtu anayetaka kufika, hesabu inabadilika kabisa.

Mwongozo wa wahandisi wa barabara wa Indonesia wa mwaka 1997 unaipa pikipiki uzito wa robo ya gari dogo katika barabara pana zenye magari mengi. Yaani pikipiki nne hula nafasi ya gari moja. Chukua basi watu wanne, kila mmoja na pikipiki yake: wanatumia nafasi ya gari moja. Wakatae pikipiki. Wakiingia kwenye basi, umepata faida kubwa, nafasi imebaki. Wakiingia kwenye gari kila mtu lake, umeongeza mzigo mara nne. Wakiendelea na pikipiki zao kwa vichochoro vya nyuma, hukupunguza kitu, umehamisha foleni kutoka mbele ya hoteli hadi mbele ya nyumba za watu. Kwa hiyo marufuku ya pikipiki si nzuri wala mbaya peke yake. Yote yanategemea mzigo ulikwenda wapi.

Na hapo ndipo Jakarta inapotupa somo la pili, lililotokea katika barabara zilezile na miaka ileile, ila mara hii kwa magari. Tangu mwaka 1992 jiji lilikuwa na kanuni ya watu watatu: saa za asubuhi na jioni, gari dogo haliruhusiwi kwenye barabara kuu fulani, Thamrin ikiwamo, mpaka liwe na watu watatu au zaidi. Kanuni hiyo ilichekwa sana. Kando ya barabara walisimama watu walioitwa joki, kazi yao kukodishwa. Unamlipa pesa kidogo, anaingia garini, idadi inatimia, unapita. Kina mama walisimama na watoto wachanga, kwa sababu mama na mtoto ni watu wawili kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2016 kukazuka habari za watoto waliotumiwa vibaya katika biashara hiyo, hata kupewa dawa za kuwalaza. Jiji likatangaza kuisimamisha kanuni kuanzia tarehe 5 Aprili 2016, na mwezi uliofuata ikafutwa kabisa. Wengi walisema haikuwa na faida hata hivyo, kila mtu alikuwa akiikwepa.

Watafiti watatu, Rema Hanna, Gabriel Kreindler na Benjamin Olken, waliona nafasi adimu. Tangazo lilitoka siku chache kabla ya kanuni kuondolewa. Hapo hapo waliandika programu iliyoiuliza huduma ya ramani ya Google, kila baada ya dakika 10, mchana na usiku: kutoka hapa hadi pale sasa hivi ni dakika ngapi? Google hujua jibu kwa sababu simu zilizomo ndani ya magari humwambia zilipo na zinavyokwenda kasi. Hawakuhitaji kuchimba barabara kuweka vihesabio wala kuomba kibali cha kuweka kamera. Walihitaji kodi kidogo na kuwahi.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2017. Asubuhi, kilomita moja iliyokuwa ikichukua dakika 2.1 ikawa dakika 3.1. Jioni, dakika 2.8 zikawa dakika 5.3. Safari ya kilomita 10 ya kurudi nyumbani, iliyokuwa dakika 28, ikawa dakika 53. Na si kwenye barabara zilizokuwa na kanuni peke yake. Hata barabara nyingine zilizidi kuziba, na hata saa ambazo kanuni haikuwahi kufanya kazi.

Nakiri jambo hili la mwisho linashangaza mtu akilisikia mara ya kwanza. Ungedhani barabara kuu ikifunguliwa, zile za pembeni zingepumua. Lakini anayehudumia seva analielewa. Seva ikizidiwa haifanyi tu kazi polepole, inafika mahali inahudumia maombi machache kuliko uwezo wake wa kawaida, kwa sababu nguvu zake zinaishia kwenye kusukumana. Barabara nayo ni hivyo. Ikishaziba kabisa hupitisha magari machache kwa saa kuliko ilipokuwa inatembea, na mkia wa foleni unafika kwenye mitaa isiyohusika.

Basi tazama ajabu. Kanuni iliyochekwa, yenye joki na udanganyifu wake wote, ilikuwa inalisaidia jiji zima, na hilo lilijulikana vizuri baada ya kuondolewa. Ilikuwa na ubaya wake kwa wale watoto na sisemi ingerudishwa ilivyokuwa. Kuanzia Agosti 2016 jiji liliweka utaratibu mwingine wa namba shufwa na witiri: namba ya gari lako ikiishia kwa 2, huingii siku ya witiri. Pikipiki hazikuguswa na utaratibu huo.

Marufuku ya pikipiki ilikwisha kwa njia tofauti. Wananchi wawili walikwenda Mahakama ya Juu, nayo ikaamua kuwa agizo la gavana linapingana na sheria ya usafiri ya 2009 na sheria ya haki za binadamu ya 1999. Uamuzi ulifika hadharani Januari 2018, chini ya gavana mwingine, Anies Baswedan, ambaye mwenyewe hakuipenda marufuku hiyo. Alama zikang'olewa, pikipiki zikarudi Thamrin. Mbele ya mahakama hoja haikuwa dakika ngapi ziliokolewa. Hoja ilikuwa kwamba huwezi kumfungia mwenye pikipiki huku mwenye gari akipita. Machi 2019 treni ya mjini, inayopita sehemu chini ya ardhi na sehemu juu, ikafunguliwa, kilomita 15.7 kutoka Lebak Bulus hadi mzunguko uleule wa Hotel Indonesia. Ndipo mtu wa kusini mwa jiji alipopata sababu ya kuiacha pikipiki nyumbani bila kulazimishwa.

Turudi kwetu. Sina haja ya kuzitetea boda kama malaika. Zinapanda vijia vya watembea kwa miguu, zinapita mataa mekundu, na wodi za mifupa zinajua gharama yake. Hayo yana dawa zake: mafunzo, leseni, kofia ngumu, faini kwa anayekosea. Lakini msongamano ni swali lingine na lijibiwe kwa hesabu yake. Mnakumbuka tarehe 3 Desemba 2018? Gavana Mike Sonko alizuia matatu kuingia katikati ya Nairobi. Tulifukuza chombo kinachobeba watu 14 au 33 na kukiachia njia kinachobeba mmoja. Watu walitembea, wazee na wagonjwa wakiwamo, na siku hiyohiyo amri ikasitishwa. Pale tulihesabu magari, tukasahau watu.

Kwa hiyo kiongozi mwingine akisimama kesho na tangazo la kuondoa boda, mimi nina maswali matatu tu. Abiria wao watapanda nini asubuhi ya kwanza? Mzigo utahamia mtaa gani? Na nani ameanza kupima dakika kabla ya amri, ili baadaye tujue kama ilifaa? Hili la tatu siku hizi halihitaji mhandisi kutoka ng'ambo. Kijana yeyote mwenye kompyuta, intaneti na wiki mbili za subira anaweza kulianza, na aanze kabla ya tangazo, maana amri ikishatoka hakuna njia ya kurudi nyuma kupima jana.

Kwa leo niishie hapo. Nawatakia safari njema ya jioni, iwe kwa gari, kwa matatu au kwa boda.