Tezi Zilizovimba: Hodgkin wa Guy's na Burkitt wa Mulago

Mwenye kidonda mguuni hutokwa na mtoki kinenani. Kidonda kikipona, mtoki nao hunywea. Wazee wetu walilijua hilo, na madaktari wa Ulaya walilijua vilevile: tezi huvimba kwa sababu ya jambo lililotokea kwingine mwilini. Ndipo Januari 1832 chama cha madaktari cha London kikasomewa taarifa ya Thomas Hodgkin. Alikuwa na wagonjwa saba, wa kwanza mtoto wa miaka 9. Tezi zao zilivimba, mara nyingi pamoja na bandama, na hakuona kidonda wala maambukizi ya kutosha kueleza uvimbe ule. Akasema ugonjwa umeanzia kwenye tezi zenyewe. Taarifa ikapokewa kimya, ikasahaulika.

Cheo chake katika hospitali ya Guy's, London, kiliitwa Mkaguzi wa Maiti. Alisoma Edinburgh, akapitia Paris kwa Laennec, aliyebuni chombo cha kusikilizia kifua, na huko akajifunza kwamba kinachosikika mgonjwa akiwa hai hulinganishwa na kinachoonekana anapopasuliwa baada ya kufa. Mgonjwa mmoja kati ya wale saba hakumwona kabisa. Alimjua kwa michoro ya daktari mwenzake, Robert Carswell. Jambo linalonishangaza ni kwamba mwaka 1827 yeye na Joseph Jackson Lister walikuwa wameshaeleza umbo la chembe nyekundu za damu kwa hadubini, lakini ugonjwa huu aliutambua kwa macho matupu.

Miaka 125 baadaye, mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa amtazame mtoto wa miaka 5 aliyeitwa Africa. Taya zake zilivimba pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Baada ya wiki chache, akiwa katika mji wa Jinja, akachungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Wa kwanza angeweza kuwa ajabu ya peke yake. Kwa wawili, akaanza kupekua majalada.

Hadi hapo mbinu ni moja: kuweka wagonjwa bega kwa bega mpaka kinachofanana kijitokeze. Lakini Hodgkin aliuliza ugonjwa uko wapi ndani ya mwili, na Burkitt akauliza uko wapi katika nchi. Wataalamu wa patholojia wa Mulago ndio waliobaini kwamba uvimbe ule ni saratani ya limfu. Yeye akasambaza picha kwenye hospitali za misheni na za serikali, kisha mwaka 1961, na wenzake wawili, akaendesha gari kuukuu kiasi cha maili 10,000 kwenda kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani ikaonyesha ugonjwa unafuata joto na mvua, na kwenye miinuko ya baridi haupo. Leo tunajua malaria ina mkono wake humo.

Hodgkin naye alikuwa na jicho la kutazama nje, na kwangu hapo ndipo maisha yake yanapouma. Alikuwa Mkweka, wa madhehebu yaleyale yaliyokuja kujenga misheni Kaimosi, Kenya, mwaka 1902. Alimwandikia mweka hazina wa Guy's, Benjamin Harrison, kulalamikia jinsi Kampuni ya Hudson's Bay ilivyowatendea wenyeji wa Amerika Kaskazini. Harrison alikuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo, na pale Guy's sauti yake ilikuwa kubwa. Mwaka 1837 Hodgkin alinyimwa nafasi ya daktari msaidizi aliyoistahili, akajiuzulu. Mwaka uleule alishiriki kuanzisha Chama cha Kulinda Wenyeji. Utetezi wake ulibaki wa barua na vikao vya London, na kazi yake ya patholojia haikupata tena makao ya kudumu. Alifia Jaffa mwaka 1866, akiwa safarini na rafiki yake Moses Montefiore.

Jina la ugonjwa wa Hodgkin lilitolewa na daktari Samuel Wilks, aliyedhani ameugundua yeye, akakuta Hodgkin amemtangulia, na mwaka 1865 akauita kwa jina la mwenziwe. Uungwana huo hatukuuona kwetu. Albert Cook wa hospitali ya Mengo alikuwa amerekodi vivimbe vya taya vya watoto miaka mingi kabla, na mama waliowabeba watoto hao waliviona kabla ya Cook. Ugonjwa ukabaki na jina la Burkitt.

Mwaka 1926 vipande vya tezi alivyohifadhi Hodgkin vilichunguzwa kwa hadubini, na baadhi vikathibitisha alichosema. Wenye tezi hizo walikuwa wamekufa karibu miaka mia kabla. Mulago, miaka ya 1960, dozi chache za dawa ziliyeyusha uvimbe wa baadhi ya watoto, na Burkitt akawapiga picha mbilimbili, kabla na baada. Katika ile ya pili mtoto ana uso wake tena.