Kipande cha Babu

Babu yangu upande wa mama alikata mkonge Kikwetu, kaskazini kidogo ya mji wa Lindi, huko ambako leo ndege zinatua. Hadithi aliyoirudia mpaka tukaichoka ni ya kipande. Ilikuwa kadi ya siku 30. Ukimaliza kazi uliyopangiwa, siku yako inatiwa alama, na zote 30 uzitimize ndani ya siku 42. Mzigo ukipungua, siku haihesabiwi. Jasho limekutoka, ila kwenye kadi hukuwepo.

Chuoni nilifundishwa vyama vya wafanyakazi kuanzia Chicago, Mei 1886, watu walipogoma kudai kazi ya saa nane kwa siku. Mei Mosi tunayoandamana nayo Lindi na fulana mpya ilitoka huko (Wamarekani wenyewe, kichekesho, siku yao rasmi ya wafanyakazi iko Septemba). Nilifaulu mtihani. Babu hakuwemo.

Vyama vya huku viliungana mwaka 1955 katika Tanganyika Federation of Labour, TFL. Katibu Mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, kijana wa kusini, mzaliwa wa upande wa Songea. Tom Mboya alikuja kutoka Kenya kusaidia. Hata Maida Springer, Mmarekani mweusi aliyekomaa kwenye chama cha washonaji nguo wa New York, alifika Dar es Salaam miaka hiyo. Wakata mkonge nao wakapata chama chao cha mashambani.

Hapa ndipo huwa nakwama. Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu akaijenge TANU, na kiti akakalia Kawawa, mtu wa vyama. Mwaka huohuo ikapita sheria kwamba kila mgogoro wa kazi upitie usuluhishi, kisha baraza la kuamua. Mgomo halali ukabaki jina tu. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashambani na rais wa TFL, akapelekwa Sumbawanga kwa amri ya serikali, akishutumiwa kuchochea migomo. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walikamatwa, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA. Katibu Mkuu wake wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Sasa ukiwa na malalamiko dhidi ya serikali unayapeleka wapi? Kwa yeye yuleyule.

Kumlaumu Kawawa ni rahisi mno. Nchi ilikuwa na miezi kadhaa ya uhuru, na mkonge ndio uliokuwa ukiingiza fedha nyingi za kigeni. Lakini mtu aliyejua uzito wa mgomo kuliko wote serikalini ndiye aliyeufungia kabatini, na hilo linaniuma kuliko kama angekuwa Mwingereza.

Mimi nalipwa kwa habari iliyotoka. Mwezi uliopita nilikaa siku tatu Kilwa Masoko nikifuatilia habari ya wavuvi. Haikutoka, nauli ikawa yangu. Nikamuuliza ofisa mmoja wa chama cha wafanyakazi nijiunge vipi. Akaniomba nakala ya mkataba wa ajira.

Sina.