Kosplei: Ufundi wa kuvaa kama mhusika, na heshima anayostahili mvaaji

Kosplei ni burudani ya kuvaa na kuigiza kama mhusika wa katuni, filamu, kitabu au mchezo wa video. Jina hilo lilianzia Japani mwaka 1983, pale mwandishi Nobuyuki Takahashi alipounganisha maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya vazi na mchezo.

Ilianza lini?

Jambo lenyewe ni la zamani kuliko jina lake. Mwaka 1939 mjini New York, kwenye kongamano la kwanza la dunia la wapenzi wa hadithi za kisayansi, Forrest J Ackerman na Myrtle Douglas walifika wamevaa kama watu wa zama zijazo. Mavazi yote mawili yalishonwa na Douglas, ingawa kwa muda mrefu aliyetajwa zaidi ni Ackerman.

Vazi hutengenezwaje?

Wengi hujitengenezea. Nguo hupita kwenye cherehani. Deraya hukatwa kwenye sponji ngumu, kama ya mikeka ya mazoezi, ikapashwa moto ili ipinde, ikagandishwa kwa gundi na kupakwa rangi hadi ionekane chuma. Hapo ndipo urafiki huzaliwa: fundi wa kushona humsaidia mjuzi wa wigi na vipodozi, naye husaidiwa.

Hukutana wapi?

Mjini Nagoya, Japani, mkutano wa dunia wa kosplei umekuwapo tangu mwaka 2003. Hapa Afrika Mashariki, tamasha la NAICCON la Nairobi ni miongoni mwa mikusanyiko inayojulikana.

Vazi si ruhusa

Tatizo kubwa ni watu wanaodhani aliyevaa hivyo amejitoa kuguswa au kutaniwa vibaya, na wasichana ndio huumia zaidi. Mwaka 2014, tamasha la New York Comic Con lilibandika mabango kukumbusha kwamba kuvaa kosplei si kutoa ridhaa.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukikutana na mvaaji:

- Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Akiwa mtoto, muulize mzazi wake.
- Usimguse, wala usiguse vazi. Kiungo kimoja kikibanduka, huenda ni kazi ya wiki nzima.
- Usimcheke kwa umbo au rangi yake kutofanana na mhusika.

Ukitaka kumfurahisha, muulize alivyolitengeneza. Jiandae kusikiliza, maana atakueleza kwa kirefu.