Ritifaa ya Ng'ombe

Jaribu kuandika kwenye COBOL, lugha ya kuandikia programu, kichwa cha ripoti kisemacho IDADI YA NG'OMBE, ukifunge kwa ritifaa. Kompaila itadhani maneno yameishia kwenye NG, kisha ikute OMBE inaelea peke yake. Inabidi uandike 'IDADI YA NG''OMBE', ritifaa mbili zikibanana. Kwa alama za kunukuu, "IDADI YA NG'OMBE" inapita bila neno. Mimi niliyetumia ujana wangu kuandika ripoti za mifugo na maziwa sina haja ya kuficha niko upande gani.

Vijana wakifungua programu kongwe na kukuta ritifaa tupu, hudhani ni mapenzi ya mwandishi. Wapi! Kadi ndizo zilizoamua.

COBOL ilianza kusukwa baada ya mkutano wa Pentagon, Mei 1959, ili programu moja iendeshwe kwenye mashine za kampuni yoyote. Desemba 1960 programu ile ile ikapita kwenye RCA 501 na UNIVAC II, wakubwa wakashangilia. Lugha ilipewa herufi na alama 51, na ya kufungia maneno ilikuwa alama ya kunukuu. Ritifaa haikuwamo kabisa. Ila programu zilitobolewa kwenye kadi za safu 80, na IBM 026, mashine ya kutobolea iliyokuwa imeenea tangu 1949, haikuwa na alama ya kunukuu. Ritifaa ilikuwa nayo, kwa matundu ya 4 na 8, tena katika mpangilio wa wanasayansi tu. Kwa watu wa biashara, ambao ndio COBOL ilitungiwa, matundu yale yale yalikuwa @!

IBM ikashika ritifaa. Mwaka 1964 ikaja 029 yenye alama zote mbili, lakini ritifaa ikahamia 5 na 8, hivyo kadi ya zamani ikipita huko ilitoa @.

Kanuni rasmi ya COBOL ya 1968 ikasisitiza alama ya kunukuu. IBM, badala ya kubishana, ikaweka chaguo mbili kwenye kompaila, QUOTE na APOST, kila ofisi ijiamulie. Kanuni yenyewe ilikubali zote mbili mwaka 2002.

Chaguo hizo bado zipo kwenye kompaila ya leo ya IBM. Sasa unafunga maneno kwa alama yoyote, mradi ufunge kwa ile uliyofungulia. Kilichobaki ni kwamba chini ya APOST, ukiamuru MOVE QUOTE, unapewa ritifaa.