Kutoka pombe ya wazee hadi viroba: sheria za vileo Arusha zilimlinda nani?

Tarehe 16 Februari 2017, akiwa ziarani Mirerani, wilayani Simanjiro, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba ifikapo Machi Mosi pombe kali ya kwenye pakiti za plastiki, maarufu kama viroba, itakuwa marufuku nchini. Mirerani na Arusha ni kama nyumba na ua: tanzanite inapita njia hiyo, fedha zake pia, na ulevi wake vilevile. Wiki mbili baadaye pakiti zilizokuwa zikining'inia madukani zilianza kutoweka, na kilichobaki kikauzwa kwa kificho. Ni nadra amri ya vileo kutekelezwa upesi namna ile. Sheria nyingine za pombe zimekaa vitabuni miongo mingi bila baa kufungwa kwa wakati wala mtengeneza gongo kuacha kazi. Hoja yangu ni kwamba tofauti haikuwa ukali wa adhabu. Amri ya 2017 iliushika mkono unaosambaza pombe, ilhali sheria nyingi zilizoitangulia zilihangaika na mdomo unaoinywa.

Kabla ya sheria za kuandikwa, miteremko ya Meru ilikuwa na utaratibu wake. Wameru walitengeneza pombe ya ndizi, na Waarusha, ambao mfumo wao wa rika ni ndugu wa ule wa Wamaasai, walikuwa na pombe ya asali katika shughuli za wazee. Morani hakutakiwa kunywa. Aliyemzuia hakuwa askari wala faini, bali rika lake na rika lililomtangulia. Tusiupambe sana utaratibu huo, maana uliwabana vijana na kuwaacha wazee walewe watakavyo. Lakini ulikuwa na jambo moja ambalo serikali zilizofuata zilishindwa kulipata: kila mtu alimjua mwenye mtungi, na mwenye mtungi alijua atakayemuuliza.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika walikuta tayari kuna Mkataba wa Saint-Germain wa Septemba 1919, uliozuia pombe kali za biashara kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, na udhamini waliopewa na Shirikisho la Mataifa mwaka 1922 ukawataka wadhibiti uuzaji wake. Maneno yalikuwa ya ulinzi, utekelezaji ukawa wa rangi. Mzungu mwenye shamba la kahawa aliruhusiwa wiski yake, na kibarua aliyemchumia buni akikutwa na pombe kali alikuwa mhalifu. Pombe za kienyeji ziliwekewa leseni na ada, na vilabu vya pombe vikawa chanzo cha mapato ya mamlaka za wenyeji. Hapo ndipo mzizi wa tatizo letu ulipoota. Mamlaka inayotakiwa kupunguza ulevi ilianza kuishi kwa fedha zake.

Hata uhuru haukuondoa mgongano huo. Mwaka 1966 Bunge lilipitisha Sheria ya Moshi (yaani gongo), namba 62, ambayo hadi leo ndiyo inayowafikisha mahakamani wanaokamatwa na gongo. Mwaka uliofuata, kufuatia Azimio lililopewa jina la mji huuhuu, serikali ilichukua hisa nyingi katika kampuni kadhaa, viwanda vya bia vikiwamo. Mwaka 1968 ikaja Sheria ya Vileo, namba 28, iliyopanga aina za leseni na saa za kuuza: kwa baa siku za kazi, kuanzia saa 10 jioni hadi saa 5 usiku. Kwa hiyo katika miaka mitatu dola ilijifanya polisi wa gongo, mwenye hisa wa bia na mtoa leseni wa baa. Hata ilipouza sehemu ya hisa za kampuni ya bia ya TBL kwa Waafrika Kusini mwaka 1993 bado ilikuwa na kodi, ambayo nayo si haba. Sishangai kwamba katika hali hiyo msako wa gongo uliishia mara kwa mara kwa mama mwenye pipa moja nyuma ya nyumba, na saa za baa zikabaki mapambo ukutani.

Turudi kwenye viroba. Inafaa kukumbuka kwamba havikuzuiwa kwa sheria ya 1968. Aliyeshika kalamu alikuwa January Makamba, waziri aliyesimamia mazingira, na kanuni zake zilitoka katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kosa likawa pakiti. Njia hiyo ya kuzunguka inaonyesha jinsi sheria ya vileo yenyewe ilivyokuwa dhaifu, lakini ilifanya kazi kwa sababu pakiti haitengenezwi uani. Inatoka kiwandani, inapita kwa wakala, inahifadhiwa ghalani, na watu hao ni wachache, wana leseni na wana mali ya kupoteza. Kenya iliwahi kupiga marufuku pakiti za namna hiyo mwaka 2004, na Uganda ikafuata mwaka 2019.

Wapo wanaosema marufuku ile iliwahamishia wanywaji kwenye gongo na chupa ndogo. Kwa sehemu wana haki, na gongo yenye methanoli si mzaha: mwaka 2000, Mukuru kwa Njenga, Nairobi, pombe yenye sumu iliua zaidi ya watu 130. Lakini kiroba kilikuwa na hatari ya pekee, kwani kiliingia mfukoni mwa mwanafunzi na mwa dereva wa bodaboda, kikanywewa njiani bila mtu kujua. Chupa inaonekana na bei yake ni kubwa zaidi. Tafiti zilizofanyika katika hospitali ya KCMC, Moshi, zilikuta kati ya robo na theluthi ya majeruhi walikuwa wamekunywa kabla ya kuumia. Kwa idadi hiyo, kila kinachofanya pombe iwe ngumu kubebwa barabarani kina thamani, hata kama hakimalizi ulevi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba saa za kufunga baa huzaa rushwa kuliko usalama. Nalikubali, ila haliondoi hitaji la saa, linadai siri iondolewe. Chukua mfano wa kata ya Olasiti, jijini Arusha: leo si pembezoni mwa mashamba ya Burka tu. Nyumba zimejaa, barabara ya Dodoma imechangamka, na jirani, kata ya Olmoti, unajengwa uwanja wa AFCON ya 2027. Baa na grosari zitaongezeka, na kila moja itahitaji leseni inayopitia kwa afisa afya, polisi na viongozi wa kata. Leseni hizo huisha mara mbili kwa mwaka, Machi 31 na Septemba 30, kwa hiyo halmashauri ina nafasi ya kumnyima mkaidi bila kesi wala virungu. Ibandike basi katika kila ofisi ya mtaa orodha ya wenye leseni, aina ya leseni na saa zao, pamoja na namba ya kulalamikia. Na mwananchi wa Olasiti anayeamshwa na muziki saa 8 usiku aisome orodha hiyo, kisha ayapeleke malalamiko yake kwenye kikao cha kata kabla leseni haijahuishwa.