Tarehe ya Mbinga, Mlimani na Ziwani

Mbinga ni mji mchanga katika nchi kongwe. Kutoka Songea ni mwendo wa karibu kilomita 100 kuelekea magharibi, juu ya milima ya Umatengo, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Ukisonga mbele kilomita 66 hivi, barabara inateremka mpaka Mbamba Bay, ambako Ziwa Nyasa halifiki hata mita 500. Katika mteremko huo mmoja unaacha baridi na maharage, unakuta joto, muhogo na dagaa. Hata makanisa yanabadilika: mlimani Wakatoliki waliolelewa na Wabenediktini wa Peramiho na Kigonsera, ufukweni, Liuli na jirani zake, Waanglikana. Mto Ruvuma nao unaanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, ukalipa ziwa kisogo na kushika njia ya mashariki hadi Bahari ya Hindi.

Wangoni walipofika kutoka kusini katikati ya karne ya 19 na kusimamisha milki za Njelu na Mshope, Wamatengo, wenyeji wa milima hiyo, walikimbilia juu, wakasongamana katika eneo dogo la Litembo. Watu wengi, mteremko mkali, mvua kubwa: udongo ungeisha katika kizazi kimoja. Haukuisha, kwa sababu ya ngoro, kilimo chao cha vishimo na matuta. Mwezi Machi, mvua zinapoelekea ukingoni, wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana. Wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafukia. Panabaki kishimo katikati ya kila mraba, na mlima mzima huonekana kama sega la nyuki. Maharage hupandwa kwenye matuta, na msimu unaofuata mahindi. Maji ya mvua hunaswa vishimoni yakazama taratibu, na majani yaliyofukiwa yakaoza kuwa mbolea. Miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walikwenda kujifunza kwa wakulima hao. Kwangu mimi, hakuna jengo la Mbinga linalostahili heshima kuliko ngoro.

Mji wenyewe uliletwa na kahawa. Arabika ilianza kupandwa Umatengo miaka ya 1920, na katika muongo uliofuata chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo kikaunganisha wakulima, Wangoni kwa tumbaku na Wamatengo kwa kahawa. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, kisha vikarudishwa miaka ya 1980. Hapo ndipo chama kikuu cha Mbinga, MBICU, kilipotamba: mkulima alipewa mbolea na dawa kwa mkopo, akakatwa wakati wa kuuza. Soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwaka 1994, MBICU haikudumu. Mikopo ikakatika, mibuni ikakosa matunzo, na kaya nyingi zikashuka kufungua mashamba mapya kwenye misitu ya miombo. Pigo hilo halijasimuliwa vya kutosha. Leo vyama vya msingi, AMCOS, ndivyo vinavyokusanya kahawa ya wanakijiji.

Ziwani kuna tarehe nyingine. Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo hapo Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen. Ni miongoni mwa mapambano ya kwanza ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Miongo ya baadaye ilileta mabadiliko mengine. Jimbo Katoliki la Mbinga liliundwa mwaka 1986. Makaa ya mawe ya Ngaka yakaanza kuchimbwa 2011. Mwaka 2012 mwambao ukatengwa kuwa Wilaya ya Nyasa, makao yake Mbamba Bay. Mipaka ya ofisi imegawa mlima na ziwa, lakini sokoni samaki bado wanapanda na maharage bado yanashuka, sasa kwa lami.

Walimu na madiwani wa Mbinga, wazee waliochimba ngoro wanazidi kupungua. Wapelekeeni wanafunzi wakiwa na daftari, waandike jinsi kazi hiyo inavyofanywa na majina ya miteremko yote.